Mtungi Usio na Tobo

Kituo kile kilikuwa na benchi moja tu la wageni, na benchi hilo lilikuwa limevunja viuno vingi kuliko kazi ya kubeba mawe. Mjane wa Mzee Volti alikuwa amelikalia tangu asubuhi, bakuli la chakula mapajani, limefungwa kwa kitambaa. Kila askari aliyepita alimwuliza shida yake, na kila aliyeuliza aliambiwa jambo lilelile: nimemletea mdogo wangu chakula, na namtaka yule mnayemwita Kobe.

Walimwita Kobe kwa sababu, kati ya mainspekta wote, ni yeye peke yake aliyewahi kumkamata mwizi kwa kutembea. Mwizi alikimbia mpaka pumzi ikamwishia, akaketi chini ya ukuta ajipepee, na Kobe akafika hapo akimenya njugu, akamwuliza kama bado ana safari. Ndivyo walivyosimulia. Mwenyewe hakuwahi kukanusha, wala hakuwahi kusema aina ya njugu.

"Dada, ndiye mimi," alisema.

Mjane aliinuka na bakuli lake. "Kaka, wanasema leo mnampeleka mahakamani."

"Baada ya chakula cha mchana."

"Kwa kumuua mume wangu."

"Ndivyo faili linavyosema."

"Faili lilikuwapo?" Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Sikiliza, kaka. Nimemzika mume. Sina mume wa akiba, wala ndugu wa akiba. Huyu nilimbeba mgongoni mama alipofariki. Mkimnyonga, nizikeni naye shimo moja, msinirudishe kwenye nyumba tupu."

Kobe alifungua kitambaa akague chakula, kama sheria ya kituo ilivyotaka, na macho yake yakatua kwenye kijiko. Mpini wake ulikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya mtama.

"Hii ni nini?"

"Rangi yangu ya kucha." Mjane alikaribia kutabasamu. "Alikuwa anaipora. Kila kitu cha karakana yake alikipaka doa: koleo, bisibisi, mkasi, hata ufagio. Ukiona doa, usiguse, ni mali ya mzee. Kijiko hicho alikiiba jikoni akakifanya cha gundi, nami nikakiiba tena nikakichemsha. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kupaka kucha kumi, chupa iliishia kwenye nyundo."

Kobe alifunga kitambaa, akampa askari wa zamu bakuli alipeleke mahabusu, kisha akaingia kwa mkuu wa kituo bila kubisha hodi.

Mkuu alikuwa akifunga vifungo vya koti. "Kobe, kesi hii ina kichwa, mikono na miguu. Unatafuta nini tena, mkia?"

"Nisimulie upya, Mkuu. Mimi huelewa kwa awamu."

Mkuu alisimulia akiwa amesimama. Mzee Volti alistaafu kazi ya kiwanda cha uchapaji, akajifungia karakana nyuma ya nyumba yake akijenga pawa saplai kwa mikono yake, yale masanduku yanayouchukua umeme wa ukutani na kuupika upya uwe ule ambao chombo chako kinautaka. Mwenye taa yake ndogo ya kujaribia, mwenye kipaza sauti alichokiunga mwenyewe, mwenye redio ya babu yake, wote walimletea. Aliyatia masanduku hayo ndani ya mikebe ya biskuti, na mtaani walisema mkebe wake mmoja uliwahi kumfanya jogoo awike kabla ya yai kuanguliwa. Siku aliyokufa alikuwa akitengeneza mkebe wa redio ya kale, redio ya zile valvu za kioo ambazo haziamki bila volti mia nne. Alikutwa chini ya meza, kiganja kimeungua. Plagi ilikuwa nje ya ukuta.

"Plagi nje," Kobe alirudia.

"Nje. Kilichomuua ni umeme uliobaki ndani. Mtaalamu tuliyemwita anasema mkebe kama ule huwekwa rizista ya kumwaga umeme huo ukishazima, na kwenye mkebe huu rizista imeng'olewa mguu mmoja. Imeng'olewa kwa mkono wa fundi, si kwa bahati mbaya. Nani fundi mwingine aliyekuwa akiingia mle? Shemeji yake. Nani walisikika wakigombana asubuhi ile? Yeye na shemeji yake. Nani alisema hicho kitu kitakuua? Shemeji. Na tangu tumemkamata, amekataa kusema hata jina la mama yake."

"Hajakiri."

"Wala hajakana. Gari linaondoka baada ya chakula."

"Naomba muda mpaka hapo."

"Mwenda pole hajikwai, Kobe, lakini hulikuta gulio limeshafungwa."

"Leo nitakwenda haraka."

"Hilo," Mkuu alisema, "ningependa kuliona kabla sijastaafu."

Mtaa mzima ulimwita mahabusu yule Shemeji. Mzee Volti alikuwa akilipaza neno hilo kutwa, shemeji nipe koleo, shemeji shika waya, mpaka watoto wa jirani wakadhani ndilo jina alilopewa kanisani au msikitini. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za masikioni na vidole vilivyobabuka kwa lehemu. Bakuli la dada yake lilikuwa sakafuni karibu na mlango wa seli, kitambaa hakijaguswa.

"Hujala," Kobe alisema.

Shemeji aligeuzia uso ukutani.

"Sijaja kukuuliza kama ulimuua. Nimekuja kufundishwa. Mimi kwa umeme najua kuwasha na kuzima, na bili ikija najua kuzima zaidi. Hiyo rizista ya kumwaga ni kitu gani?"

Shemeji alimtazama, na ufundi ukamshinda, kama mpishi asiyeweza kupita karibu na chungu kinachofurika.

"Ndani ya mkebe kuna kapasita," alisema. "Kapasita ni mtungi. Ukiwasha, unajaa umeme. Ukichomoa plagi, mtungi haujui kama umechomoa. Unabaki umejaa. Zile za redio ya valvu ni kubwa kama vikombe, zikikupiga mkono hadi mkono moyo unasahau kazi. Kwa hiyo unaweka rizista, ni kama tobo dogo chini ya mtungi. Ukichomoa plagi, umeme unavuja wenyewe polepole, mtungi unakauka."

"Na tobo likiziba?"

"Mtungi unakungoja."

"Nani aliliziba?"

Shemeji alichunguza vidole vyake.

"Haya. Tuseme fundi anajua tobo halifanyi kazi, na anataka kutia mkono ndani. Anasubiri ukauke?"

"Atasubiri mpaka kesho. Hakuna fundi wa kusubiri. Anaumwaga mwenyewe kwa ba..."

Neno likakatika. Shemeji alifunga mdomo kama mtu aliyemeza mfupa. Kisha akasimama, akashika nondo za mlango kwa mikono miwili.

"Andika," alisema. "Ni mimi. Nilimuua. Nilikuja asubuhi nikaing'oa rizista, nikaondoka. Andika, nitie saini, twende."

"Kwa nini ulimuua?"

"Alinitukana."

"Tusi gani?"

"Tusi."

"Tusi lenyewe halina jina?"

"Inspekta, usinichezee." Alizitikisa nondo. "Nimekupa ulichokitaka. Nakuomba kimoja tu. Usirudi kule nyumbani. Na dada umwambie afunge mlango, ahamie kwa binti yake leo hii. Asipike tena mle. Asiingie hata jikoni. Nyumba ile ifungwe."

"Jikoni kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nyumba imefiwa, mtu hakai peke yake, basi. Kuna kosa gani hapo?"

Kobe alikuwa ameona watu wakikiri kwa kichapo, kwa pombe na kwa uchovu. Aliyekiri kwa kukwepa kumalizia neno hakuwa amemwona bado. Aliinama, akaokota bakuli, akalirudisha kwa mjane pale kwenye benchi.

"Amekataa kula," alimwambia. "Twende nyumbani kwako, dada. Una ufunguo?"

Walitembea. Mjane alikuwa akitangulia na kusimama, akitangulia na kusimama, kwa sababu mwendo wa haraka wa Kobe ulikuwa sawa na wa watu wengine wakitoka kuzika.

Mkabala na nyumba ya Mzee Volti kulikuwa na kibaraza cha fundi cherehani. Ndiye aliyesikia ugomvi, na ndiye aliyeusimulia kwa polisi, kwa majirani, na kwa wateja wote waliokuja kupunguziwa suruali. Mjane alivuka kwenda kufungua mlango. Kobe alibaki.

"Rudia maneno ya Shemeji, fundi."

"Nilishayasema kituoni."

"Mimi husikia polepole."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Alisema: hicho kitu kitakuua, na siku hiyo mimi sitalia."

"Walikuwa wakigombania nini kabla ya hapo?"

"Mambo yao ya waya. Shemeji alitaka mzee atumie mita ya kupimia umeme. Mzee akasema mita ni ya wanafunzi, betri yake ikichoka inakudanganya ukiwa unaitazama usoni. Akasema yeye balbu yake haijui uongo: ukiigusisha kwenye umeme inawaka, pasipo umeme haiwaki, imekwisha. Shemeji akasema mzee, dunia ina mita, wewe unaamini balbu. Mzee akasema wewe nawe dunia ina wake, mbona huna hata mmoja. Hapo ndipo Shemeji alipokasirika akasema hayo ya kuua, akaondoka."

"Kwa hiyo alikuwa akimwonya."

"Ukilisikia na mwanzo wake, ni onyo. Ukilisikia bila mwanzo, ni tisho."

"Na kituoni uliwapa mwanzo?"

"Waliniuliza kama alitishia. Hawakuniuliza kama alionya." Fundi alivuta uzi akaukata kwa meno, bila haya. "Tena hawakuniuliza habari za moshi."

"Moshi gani?"

"Shemeji alishaondoka zamani. Nikaona moshi dirishani kwa mzee, nikamwita, mzee, unateketea? Akatoa kichwa. Akasema ni karizista kamezidiwa na kazi, nakapumzisha, naweka kaka yake mkubwa. Akarudi ndani akipiga mluzi. Sikumwona tena mpaka Shemeji alipokuja jioni na kupiga ukelele. Sisi tukaingia nyuma yake, mtaa mzima ukajaa mle."

"Moshi ule uliutaja kwa nani mwingine?"

"Nani anasimulia moshi, bwana, wakati ana tisho?"

Kobe alivuka njia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hatua zake zilisikika.

Karakana ilikuwa chumba chembamba nyuma ya nyumba, kinanuka lehemu na biskuti za zamani. Ukutani kila chombo kilikuwa na msumari wake, na nyuma ya kila msumari kivuli chake kimechorwa kwa kalamu, ili koleo lisije likalala kitandani pa bisibisi. Na kila kimoja, kama mjane alivyosema, kilikuwa na doa jekundu.

"Nikuwekee chai, kaka?" mjane aliuliza kutoka mlangoni.

"Sina muda, dada."

"Maji yatachemka ukiwa bado unaamua kukaa," alisema, akaondoka.

Mkebe ulikuwa mezani, umefunguliwa. Kobe aliinama bila kugusa. Kapasita zilikuwa zimesimama kama vikombe, polisi walikwisha kuzimwaga. Kando yake rizista ilikuwa inaning'inia kwa mguu mmoja, na tumbo lake lilikuwa jeusi, limepasuka kama chapati iliyosahauliwa. Mtaalamu alitazama mguu. Tumbo hakulitazama. Pembeni ya mkebe, juu ya kipande cha gazeti, ililala rizista nyingine nene kama kidole gumba, miguu yake imeshakunjwa tayari kuingia mahali pa ile ndogo.

Aliyaweka mambo katika mstari, moja nyuma ya jingine, kama anavyopanga njugu. Rizista iliungua yenyewe. Tobo likaziba lenyewe. Mzee akachomoa plagi, akaanza kuing'oa ile mbovu. Mguu wa kwanza ukatoka, na kwenye mguu wa pili akafa. Hakuna aliyeing'oa asubuhi. Kuning'inia kwake hakukuwa mtego, ilikuwa kazi iliyokatikia njiani.

Ila mzee alijua tobo limeziba. Alilitangaza dirishani. Na fundi anayejua hivyo huumwaga mtungi kwanza, kwa balbu.

Ilikuwa chini ya meza, karibu na mahali alipoangukia: balbu ndani ya holda, holda imefungwa kwenye kijiti, na waya mbili zilizoishia kwenye misumari miwili. Unashika kijiti, unagusisha misumari kwenye kapasita. Kama kuna umeme, balbu inapiga mwanga mmoja mkali na kufa polepole, na mtungi umekauka. Kama haikuwaka, unatia mkono.

Kobe alikiinua kijiti. Kilikuwa na doa jekundu. Holda ilikuwa na doa jekundu. Aliifungua balbu, akaizungusha yote karibu na dirisha, shingo na tumbo.

Haikuwa na doa.

Aliiweka sikioni akaitikisa. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kinacholia, kama kengele ya panya. Uzi ulikuwa umekatika. Ilikuwa maiti ya balbu.

Simu yake ikaita.

"Gari linatiwa mafuta," alisema Mkuu. "Mkia umeupata?"

"Nimepata kitu, Mkuu. Rizista iliungua yenyewe. Shahidi wako mwenyewe aliuona moshi. Shemeji hakuing'oa."

"Basi mzee alikufaje?"

Kobe angeweza kunyamaza. Hakuwa amejifunza namna yake. "Balbu yake ya kumwagia umeme imebadilishwa. Nzuri imetolewa, mbovu imewekwa. Alipoigusisha haikuwaka, akadhani mtungi umekauka, akatia mkono."

Upande wa pili Mkuu akacheka kwa pua. "Nani anajua kazi ya balbu hiyo?"

"Mzee mwenyewe."

"Na?"

Kobe aliigeuza balbu kiganjani.

"Na Shemeji. Kobe, ahsante. Nilikuwa na kamba ya katani, umeniletea ya chuma. Rizista wakili angeweza kuibishia. Kubadilisha balbu ya mtu ili ajiue kwa imani yake mwenyewe, hilo hakimu atalisimulia kwa wajukuu. Tena nasikia amekiri kwako. Rudi na hiyo balbu, aende nayo garini."

Simu ikakatika. Kobe alibaki amesimama na balbu mkononi. Alikuwa amekuja kukikata kitanzi, na sasa alikuwa amekisuka upya kwa mkono wake, kikapendeza.

"Kaka," mjane aliita. "Chai imeiva. Njoo hata uivute ukiwa umesimama. Mgeni hatoki kwangu mkavu, hata akiwa polisi."

Alikwenda. Hakuwa na sababu ya kwenda wala ya kukataa.

Jiko lilikuwa kijumba kidogo kisicho na dirisha, ukuta wa jirani umekaa ubavuni. Taa ndani yake iliwaka mchana kutwa. Ilikuwa kali kupita kiasi. Sufuria ziling'aa kama za dukani, na mjane alikuwa akimimina chai huku amekunja jicho moja.

"Taa yako ina hasira," Kobe alisema.

"Inanichoma macho mpaka naona mchele mara mbili," mjane alijibu. "Ile yangu ilikuwa ya adabu."

Kobe alipokea kikombe. Aliinua uso. Mvuke wa chai ulipanda ukapita mbele ya balbu, ukatawanyika, na pale shingoni, chini kidogo ya holda, akaona doa jekundu, dogo kama punje ya mtama.

Kikombe kilimchoma vidole. Hakukiweka chini.

"Hiyo yako ya adabu ilikwenda wapi?"

"Iliungua. Asubuhi ile ile, naandaa uji, ikasema tiki, giza. Mimi ningepika vipi kwenye pango? Nikaenda karakana, mzee yuko bafuni, nikachukua yake moja iliyokuwa kwenye kile kijiti. Kijiti chenyewe kutwa kimekaa tu ukutani." Alikuwa akifuta meza, akiongea kwa wepesi, kama watu wanavyosimulia wizi wa ndoa. "Sasa unamjua mzee? Akiona holda tupu, atalihubiri jambo hilo mpaka Ijumaa. Nikamwekea ile yangu iliyoungua, akipita aone balbu ipo, roho itulie. Nikasema nikienda sokoni nitamnunulia nyingine, nimrudishie kimya kimya. Hatajua. Sokoni sikuipata ya namna ile, na niliporudi..."

Alikunja kitambaa cha kufutia mara mbili.

"Niliporudi watu walikuwa wamejaa."

"Dada. Kuna mtu uliyemwambia kuhusu balbu hiyo?"

"Nani aambiwe habari za balbu? Mdogo wangu aliiona tu. Watu wakiwa wanalia, yeye akaja hapa jikoni kuchukua maji, akaitazama hiyo taa, akanitazama mimi. Akanikumbatia, akaniambia dada, usiseme chochote kwa mtu yeyote. Nikadhani ni uchungu." Aliacha kitambaa. "Kaka, mbona unaniuliza hivi? Inamsaidia?"

Kobe alitafuta mahali pa kuweka kikombe na hakupaona.

"Inamtoa," alisema.

"Inamtoa?" Mikono ya mjane iliruka kifuani. "Balbu tu? Kwamba mimi ndiye niliyeibadilisha, si yeye?"

"Ndiyo. Ukilisema hilo mbele ya Mkuu, wakati huu kabla gari halijaondoka, atashushwa. Hakuna mtego wala mwuaji. Ni ajali."

"Mungu wangu. Basi twende." Tayari alikuwa akifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akitafuta viatu kwa miguu, akitafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake. "Twende, kaka, nitasema hata kwa kupiga magoti. Ujinga wa jikoni unamtoa mtu kwenye kamba, nani angejua? Nitasema: niliichukua mimi, nikaweka mbovu mimi, mdogo wangu hakuwapo. Kwa hiyo wanajua sasa kilichomuua mzee? Ni nini? Balbu inahusikaje?"

Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Kobe alisimama mlangoni, akaujaza.

"Kaa kwanza, dada."

"Gari litaondoka."

"Halitaondoka. Nitampigia Mkuu. Kaa."

"Kwa nini nikae?"

Kobe alikuwa bado na ile balbu mbovu mkono wa pili, na alipounyoosha mkono huo kumwonyesha kiti, ndani ya kioo uzi uliokatika ulilia kidogo. Mjane aliusikia. Alimtazama mkono, akamtazama uso, kisha polepole akainua macho kwenye taa iliyokuwa ikimchoma, akaitazama bila kukunja jicho.

"Alikuwa akisema haijui uongo," alisema.

Kobe aliinamisha kichwa.

"Alikuwa akinionyesha kazi yake. Nilikuwa namwambia: mzee, nina kazi." Alikaa, si kwenye kiti, kwenye debe la maji lililokuwa karibu. Kiatu cha pili kilikuwa mkononi mwake. Alikaa hivyo mpaka chai yote jikoni ikaacha kutoa mvuke, na nje fundi cherehani akawa ameanza tena kukanyaga mashine. Kobe alitoka kizingitini, akampigia Mkuu, akasema maneno machache, akasikiliza matusi mengi, akarudi.

Mjane alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa kiatu cha pili. Bakuli lilikuwa mikononi mwake, limefungwa upya kwa kitambaa kisafi, na kijiko chenye doa kikichungulia upande.

"Wewe una kimo, kaka," alisema. "Izime hiyo taa, uifungue balbu yake. Kisha twende. Mdogo wangu hajala."